Taa za kwenye usukani kwa safari ya usiku, Mtwapa hadi Kilifi: jibu refu

Assalaam alaikum ndugu zangu.

Ndugu yetu mwenye boti ya tanga ya futi 28 pale Mtwapa anataka kwenda Kilifi usiku. Fundi amemshauri azungushe ukanda wa LED nyeupe chini ya ukingo wa shetri, pale nyuma anapokaa mshika usukani, naye ameuliza wati ngapi zitamtosha. Waliojibu kabla yangu wametaja 5, wengine 10. Mimi namwomba asiununue ukanda huo kwanza. Nimeshika usukani katika maji haya ya Mombasa miaka 19, nilianzia kwenye mashua ya ami yangu kisha nikahamia boti za watu, na taa ya shetri nusura inifanye niue.

Ilikuwa msimu wa kaskazi, usiku wa kiza, tunarudi kutoka Kilifi. Upepo uko nyuma, mashine imezimwa, tunakwenda kama maili 5 za bahari kwa saa. Tulipofika usawa wa Nyali, nje ya mwamba, abiria wakataka kula, nikawawashia taa nyeupe ya shetri. Wakala, wakamaliza, nikazima. Hazikupita dakika tano nikasikia mtu anapiga kelele chini ya tanga: "Ewe! Pinda! Pinda!" Nikausukuma mkono wa usukani wote, na mtumbwi ukapita ubavuni mwetu, karibu kiasi cha kuugusa kwa kasia. Wazee wawili na mishipi yao majini, taa yao ni tochi ya simu tu.

Kesho yake niliwatafuta pale wanapopakua samaki, nikawaomba radhi. Mmoja wao akanambia neno ambalo sijalisahau. Walituona tangu mbali, tunang'aa kama duka, na kwa sababu hiyo hawakuona haja ya kumulika mapema: walidhani watu wenye mwanga wote ule hawawezi kukosa kuona. Na hawakujua tunaelekea wapi, maana ile nyeupe ilikuwa imeimeza taa yetu nyekundu na ya kijani, zile za ubavuni zinazoonyesha chombo kinaelekea wapi.

Basi swali la kwanza kwa taa yoyote ya shetri ni itakuzuia kuona nini kule nje. Wati zinafuata baadaye sana.

Watu wengi hudhani macho hulizoea giza upesi. Ndani ya jicho kuna seli za kuonea mchana na rangi, na kuna nyingine za kuonea gizani. Hizi za gizani hutegemea kemikali iitwayo rodopsini. Mwanga mkali huivunja kwa sekunde chache, lakini kujijenga upya sawasawa huchukua dakika 20 hadi 30. Ina maana mtu akikumulika tochi usoni, kwa mwendo wangu wa usiku ule utakuwa umekwenda maili 2 hivi kabla macho hayajarudi. Tena seli hizo hazipo katikati kabisa ya jicho, kwa hiyo kitu hafifu usikikodolee, tazama kando yake kidogo, kitajitokeza. Ami yangu hakusoma haya mahali, lakini alizima karabai nusu saa kabla ya kung'oa nanga, na mtu akitaka kuwasha kiberiti alimwamuru afumbe jicho moja kwanza. Mpaka leo nafanya hivyo ninapolazimika kutazama mwanga: jicho moja nalifumba, nalitunza.

Sheria nayo iko upande huo huo. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini za mwaka 1972 zinasema, katika kanuni ya 20, kwamba tangu jua kuzama hadi kuchomoza usiwashe taa nyingine yoyote inayoweza kudhaniwa ni taa ya chombo, au inayofifisha zile za chombo, au inayomzuia mtu kuangalia nje ipasavyo. Ukanda wa fundi wako unavunja yote matatu kwa mkupuo. Na kwa kuwa umeuliza habari za shetri tu, nikukumbushe: futi 28 ni kama mita 8.5, kwa hiyo ule msamaha wa kubeba tochi tu, wa vyombo vya tanga vilivyo chini ya mita 7, haukuhusu. Ukiwa kwa tanga unatakiwa uwe na nyekundu kushoto, kijani kulia na nyeupe nyuma. Unaruhusiwa kuziunganisha katika taa moja juu ya mlingoti, lakini ukiwasha mashine hiyo ya juu uizime, uwashe za chini pamoja na ile nyeupe inayoonyesha kwamba unakwenda kwa mashine. Karibu na bandari mimi hutumia za chini hata nikiwa kwa tanga, kwa sababu mvuvi aliye kwenye mtumbwi hatazami angani.

Sasa shetri yenyewe. Boti ninayotembeza hivi sasa ina taa nne, na hakuna hata moja inayomulika shetri nzima. Ya kwanza ni ya dira, LED moja nyekundu ndogo ndani ya kifuniko, nimeipunguza mpaka tarakimu zinasomeka kwa shida kidogo. Hapo ndipo panapofaa, kwa sababu macho yakishazoea giza, dira inayosomeka vizuri saa 1 jioni inakuwa kama jiko la makaa ifikapo saa 5 usiku. Isitoshe, usiikodolee dira usiku kucha. Kutoka Mtwapa kwenda Kilifi ni kama maili 20, uelekeo wa kaskazini ukiinama mashariki kidogo. Ukishakaa kwenye njia yako chagua nyota iliyo chini mbele yako, iweke kando ya mlingoti, uifuate. Inasogea, kwa hiyo kila nusu saa chagua nyingine na uhakikishe kwa dira.

Mbili ziko chini ya viti, usawa wa kifundo cha mguu, zimetazama sakafuni. Kazi yake ni mtu asikanyage kamba ya demani, ile ya kuvutia tanga, iliyolegea akatumbukia, basi. Nimezifunika kwa bati lililopakwa rangi nyeusi isiyong'aa, kwa sababu shetri ya faiba nyeupe hurudisha mwanga kama kioo. Ya nne ni tochi ya kichwani yenye nyekundu hafifu, na hii naipigia kelele zaidi kuliko zote. Kila mtu avae yake shingoni, siyo kwenye paji la uso. Mwenye kuvaa pajini akiitwa jina lake hugeuka, na akigeuka amekupofua.

Kando ya hizo kuna tochi kubwa nyeupe, inakaa mkono wa kulia wa mshika usukani, haihamishwi. Chombo kikija na hukielewi, mulika tanga lako mwenyewe: kitambaa chote kitawaka na yule wa mbali atajua hapa pana boti. Fumba jicho moja kabla hujaibonyeza.

Habari ya nyekundu, kwa kuwa wengi wameisifu hapa. Wanachosema kina ukweli, seli za gizani haziguswi sana na nyekundu iliyokolea. Lakini nyekundu kali nayo inapofusha, na karatasi nyekundu iliyobandikwa juu ya LED nyeupe huvujisha rangi nyingine nyingi. Kubwa zaidi ni chati. Chati nyingi za baharini huchora alama za taa, nyaya za chini ya maji na mipaka ya maeneo kwa rangi ya zambarau inayoelekea wekundu, na chini ya taa nyekundu alama hizo hupotea kabisa karatasini. Nimewahi kutafuta alama ya boya mpaka nikadhani nimechukua chati ya zamani, kumbe ilikuwa mbele ya macho yangu. Kwa chati natumia nyeupe ya manjano iliyopunguzwa mno, ndani ya kabini, kwa sekunde kumi. Tena nyekundu ya shetri isionekane nje hata kidogo, maana aliye kulia kwako anatakiwa aone kijani. Akiona na nyekundu atababaika. Buluu sitaki hata kuisikia. Vijana wanaipenda kwa urembo, lakini seli za gizani huathirika upesi mno na mwanga wa buluu na kijani, kwa hiyo ndiyo inayozivuruga zaidi.

Skrini ya ramani na simu ziingize kwenye hesabu hii. Hata zikiwekwa kwenye hali ya usiku, kwangu zinakaa ndani ya mlango wa kabini.

Umeme hautakusumbua. Usiku wetu ni kama saa 12 mwaka mzima. Balbu ya zamani ya wati 10 kwa volti 12 hula ampea-saa 10 hivi kwa usiku, LED ya wati 1 hula 1 tu. Kinachosumbua ni LED rahisi zinazouzwa kwa ajili ya magari. Kifaa chake cha kudhibiti umeme hutoa kelele inayoingia kwenye redio ya VHF, na mwaka 2018 Walinzi wa Pwani wa Marekani walitoa tahadhari juu ya jambo hilo. Lipime mwenyewe: weka redio kwenye chaneli tulivu, zungusha kidhibiti cha mvumo mpaka mvumo ukatike tu, kisha washa taa. Mvumo ukirudi, taa hiyo itakuzibia watu wanaokuita kwenye chaneli 16, ile ya miito na dharura. Waya wa taa ya dira usokotwe, wa kwenda na wa kurudi pamoja, la sivyo umeme wake unaisogeza sindano. Washa na uzime ukiitazama dira. Ikitikisika, fundi hajamaliza kazi.

Halafu kagua taa yako ya nyuma. Mimi nilihangaika miezi na mwanga uliokuwa ukinijia kisogoni, nikailaumu taa ya dira bure. Ilikuwa nyeupe ya nyuma inagonga kifuniko cheupe cha mashine ya nje na kurudi shetrini. Nilihamisha taa kidogo, nikafunika mashine kwa kitambaa cheusi, na usiku ule ule nikaanza kuona mstari wa povu juu ya mwamba.

Ukija upande wa Kilindini, bandari ya Mombasa, siku nyingine, ujue taa za gati, za hoteli za Nyali na za mji mzima ziko nyuma ya maboya, na feri za Likoni huvuka usiku na mchana. Hapo huna mwanga wa kupoteza hata chembe. Meli inayopita kwenye njia ile nyembamba ya bandari haiwezi kukukwepa, na kanuni ya 9 ya zile zile za migongano inakutaka wewe usiizuie. Kilifi nako, kwa mara ya kwanza, usiingie usiku. Ondoka Mtwapa usiku wa manane hivi, ufike nje ya mlango alfajiri, uingie unaona.

Ukishatia nanga, washa upendavyo. Acha tu nyeupe moja inayoonekana pande zote, na usimulike maji usiku kama watoto wamekaa ukingoni: chuchunge na wenzake wenye midomo kama sindano huurukia mwanga, na wanaumiza.

Jambo moja kabla hujamlipa fundi. Usiku wa kiza, ukiwa bado umefunga kwenye boya lako pale kwenye mkono wa bahari wa Mtwapa, mwache mtu shetrini awashe kila kitu anachokusudia kuwasha safarini. Wewe ingia kwenye hori, kile kiboti kidogo cha makasia, piga makasia mpaka kama mita 200, uizunguke boti polepole upande mmoja hadi mwingine. Popote unapoona uso wa mtu au mng'aro wa faiba kabla hujaona nyekundu au kijani, taa hiyo ing'olewe, ishushwe au ifunikwe. Mimi nilizunguka mara tatu usiku mmoja, na kila nilipopanda nilishuka na bati jingine jeusi.