Je, ni haramu mwanamke wa Kiislamu kuhudhuria mafunzo ya siasa za wadi?

SWALI: Assalaam alaykum warahmatullah, Sheikh. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kaloleni hapa Kisumu. Nauza omena, tena ni mweka hazina wa chama chetu cha akina mama. Nimealikwa kwenye mafunzo ya siku tano ya wanawake wanaotaka kuingia katika siasa za wadi: kusoma bajeti ya kaunti, kuzungumza mbele ya watu, na hata kuwania kiti cha MCA, yaani mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti. Mume wangu ameniruhusu. Lakini shemeji yangu anasema ni haramu, kwamba Mtume (s.a.w.) amesema watu wanaotawaliwa na mwanamke hawafaulu, na kwamba hata kwenda kusikiliza tu ni dhambi. Baadhi ya walimu ni wanaume. Naomba uniondolee wasiwasi huu, maana usingizi umenipotea.

JIBU: Wa alaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh, dada yangu. Naanza na hilo la usingizi. Lala. Kujifunza jinsi fedha za umma zinavyopangwa na jinsi ya kuisema haki ikasikika si dhambi, wala sijamjua mwanachuoni anayetegemewa aliyesema mwanamke akisikiliza somo kama hilo anaandikiwa madhambi.

Hadithi aliyoitaja shemeji yako hakuitunga. Imo katika Sahihi Bukhari, imepokewa na Abu Bakra, ambaye si Abu Bakr Swiddiq, maana wengi huwachanganya. Mtume (s.a.w.) aliisema zilipomfikia habari kwamba Wafursi, yaani Waajemi, wamemtawaza binti wa Kisra, mfalme wao. Wanavyuoni walio wengi wameifahamu kuwa inahusu uongozi mkuu wa umma, yaani ukhalifa. Chini ya cheo hicho walitofautiana tangu zamani. Imamu Abu Hanifa alikubali mwanamke awe kadhi katika mambo ambayo ushahidi wake hupokelewa, na Ibn Jarir Tabari amenukuliwa akiruhusu zaidi ya hapo. Basi anayekuja kwako na hadithi hii peke yake, akaifanya kufuli ya kila mlango, amewaruka maimamu wote hao.

Sasa tutazame hicho kiti chenyewe. Kenya ina wadi 1,450, na 35 kati yake ni za kaunti yetu ya Kisumu. MCA si khalifa. Ni mjumbe mmoja kati ya wengi: anapeleka shida za watu wake kwenye bunge la kaunti, anapitisha au kukataa sheria na bajeti, anamuuliza gavana fedha zimekwenda wapi. Kwa lugha ya fiqhi, yaani elimu ya sheria za dini, huo ni uwakilishi na nasaha, na nasaha haikuwekewa jinsia. Mwenyezi Mungu anasema katika Sura Tawba, aya ya 71, kwamba waumini wanaume na waumini wanawake ni wasaidizi wao kwa wao, wanaamrisha mema na wanakataza maovu. Hakusema wanaume wataamrisha na wanawake wataitikia amina. Na Malkia wa Sabaa, ukiisoma Sura Naml, utaona alilaumiwa kwa kuabudu jua. Kwa kutawala hakulaumiwa. Aya ya 32 yatuonyesha akiwaambia wakuu wake kwamba hakati shauri mpaka wawepo.

Ninalotaka ulishike zaidi ni hili. Katika Bukhari hiyo hiyo, Abu Said Al-Khudri anasimulia kwamba wanawake walimwendea Mtume (s.a.w.) wakamwambia wanaume wametushinda kwako, basi tuwekee siku yetu. Hakuwaambia rudini majumbani mkaulize waume zenu. Aliwaahidi siku, akakutana nao, akawafundisha. Walichoomba ni mafunzo, dada yangu, na wao ndio walioomba. Na mwaka wa 6 Hijria pale Hudaybiyya, Maswahaba walipokaa kimya kwa huzuni wasiinuke kuchinja wala kunyoa, aliyempa Mtume shauri lililotatua jambo ni mkewe, Ummu Salama. Jambo lenyewe lilihusu umma mzima.

Nitakusimulia niliyoyaona kwa macho yangu. Nilihudhuria kikao cha ushirikishaji wa umma kuhusu bajeti. Wanaume walijaa viti vya mbele, akina mama wakasimama nyuma karibu na mlango, wengine wana beseni za samaki, maana walitoka sokoni moja kwa moja. Mama mmoja akauliza kwa nini choo cha soko kimefungwa tangu Ramadhani. Afisa akamwuliza: ni ukurasa gani wa bajeti? Hakujua. Akakaa kimya, kikao kikaendelea. Mimi mwenyewe nilikuwa na kile kitabu mkononi na sikujua ukurasa. Niliona haya, na haya hiyo ninayo mpaka leo. Mama yule alikuwa na haki, ila hakufundishwa njia ya kuidai. Bajeti ya kaunti ina kalenda yake: mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa bungeni kufikia tarehe 1 Septemba, na makadirio kufikia tarehe 30 Aprili. Anayekuja kuulizia choo mwezi wa Juni amekuta mkeka umeshakunjwa. Kama mafunzo hayo yatakupa hili tu, umefaidika.

Wanaokwambia siasa hazikuzoea wanawake, hasa hapa Kisumu, wamesahau mji wao. Grace Onyango, aliyekuwa mwalimu, alikuwa meya wa mji huu mwaka 1965, na mwaka 1969 watu wa Kisumu wakamfanya mwanamke wa kwanza kuchaguliwa bungeni Kenya. Hakuwa Mwislamu, nami simtaji kama dalili ya sheria. Namtaja kwa sababu bibi zetu walimwona.

Kuhusu walimu wanaume, elimu kwa mwalimu mwanaume inajuzu kwa sitara na adabu, mahali pa wazi, bila faragha ya watu wawili. Kama mafunzo ni ya kulala huko, nenda na mwenzako wa chama au mahram (ndugu wa karibu usiyeweza kuolewa naye), au waombe urudi nyumbani jioni. Ruhusa ya mume unayo, alhamdulillah. Waambie pia wakutengee nafasi ya swala ya Adhuhuri na Alasiri. Ukiomba mapema hawakatai.

Ninachokuogopea si uanamke wako. Naogopa fedha. Ukifika kuwania, watakuja vijana wakitaka cha mkononi, na watakuja wakubwa wakitaka kukununua wewe. Mtume (s.a.w.) amemlaani anayetoa rushwa na anayepokea, na shilingi elfu moja ya kununua kura ni rushwa hata ukiiita nauli. Tena alimwambia Abdurrahman bin Samura asiombe uongozi, kwa kuwa anayepewa kwa kuomba huachiwa mwenyewe aubebe. Nabii Yusuf (a.s.) aliomba hazina za Misri, lakini alisema yeye ni mhifadhi na mjuzi. Jipime kwa maneno hayo mawili. Wewe ni mweka hazina: je, daftari la chama chenu likifunguliwa leo, hesabu itasimama? Kama ndiyo, nenda ukiwa na moyo mkunjufu. Kama kuna shilingi isiyo na maelezo, ilipe kwanza.

Shemeji yako usigombane naye. Ana wivu wa dini, na hilo ni jema. Mwambie kila Jumamosi baada ya Alasiri nipo msikitini. Aje na hadithi yake, wewe uje na kitabu cha bajeti watakachokupa, na mimi nitaleta Bukhari. Nataka pia mnionyeshe ule ukurasa wa choo.

Wallahu a'alam.