Swali la lugha: Umefunga vihisi vipya, "maboresho" yametoka wapi?

Kijana mmoja wa Mwanza kaniandikia, naliweka swali lake lilivyo, nimepunguza salamu tu: "Shikamoo mwalimu. Mimi napenda kurusha ndege kwenye simuleta, ule mchezo wa kompyuta wa kuigiza urubani, hapa nyumbani, nina kompyuta na pedali za miguuni. Pedali zilianza kuchezacheza, ndege inayumba yenyewe hata sijagusa kitu, nikazifungua nikatoa sensa za zamani nikaweka za sumaku, sasa zimetulia. Nataka kuandika maelezo wenzangu wafuate. Je, kichwa cha habari kiwe 'Maboresho ya sensa za pedali za rada' au kuna Kiswahili kizuri zaidi? Kuna mtu kaniambia rada ni usukani, lakini usukani si ule wa mkononi?"

Marahaba mwanangu, na hongera. Mtu anayeshika bisibisi akafungua kitu chake mwenyewe, afu akakaa chini kuwaza atakiandika vipi kwa Kiswahili, huyo ni mtu wangu. Kichwa chako cha habari kina maneno matatu ya kushughulikia. Mawili nayamaliza haraka, la tatu limenikaa kooni miaka mingi na leo umenipa nafasi.

Rada hapana. Wewe umelitoa kwenye rudder ya Kiingereza, lakini rada tunayo tayari na ni mtambo mwingine kabisa, wa kuonesha ndege iko wapi angani, Watanzania wa rika langu hawahitaji kufundishwa neno hilo maana rada ya pauni milioni 28 iliyonunuliwa Uingereza tuliijadili mpaka vijiweni. Sasa wewe unaandika habari za ndege hizo hizo, msomaji atajuaje unasema rada ipi? Aliyekwambia usukani kakwambia kweli tupu. Neno limetoka Kiarabu, sukkan, na tangu huko ni ule ubao wa nyuma ya chombo unaozama majini na kukigeuza. Mkono unaoushika kuuongoza mabaharia wetu wanauita kana. Kwa hiyo tukitaka ukali, dereva wa basi anashika kana, ila gari lilipokuja watu wakalipa lile gurudumu la mkononi jina la usukani na mi sina ugomvi nao, limeshazoeleka. Lakini ndege imeturudisha jahazini: usukani wake uko nyuma, umesimama wima kwenye mkia, unageuza pua kushoto na kulia, na hata rubani mwenyewe jina lake ni la baharini, alianza kuongoza meli kabla hajaruka. Mara ya kwanza andika usukani wa mkiani ili asiyejua aelewe, baada ya hapo usukani inatosha, na zile za miguuni ni pedali za usukani, pedali kama za baiskeli, hakuna wa kukulaumu.

Sensa nayo ni kuhesabu watu. Agosti 2022 tulihesabiwa tukaonekana milioni 61 na ushee, hiyo ndo sensa. Mafundi magari wanasema "sensa ya oksijeni imekufa" na siwezi kwenda gereji kuwanyang'anya neno lao, wanaelewana na gari linapona. Kwenye maandishi andika kihisi, wingi vihisi, linatokana na hisi na mtoto wa darasa la nne anaweza kulikisia. Wapo wanaosema kitambuzi, si baya, ila kifaa hiki hakitambui chochote, kinahisi tu na kupeleka habari, kutambua ni kazi ya kompyuta.

Haya, sasa maboresho.

Kisarufi neno halina kosa, naomba hilo lieleweke kabisa kabla sijaanza. Bora likatiwa -esha likawa boresha, njia ile ile ya fupi kuwa fupisha, safi kuwa safisha, tayari kuwa tayarisha. Na hapo hapo ndipo lilipo tatizo la wanaolitumia ovyo, maana vitenzi vya namna hii havisemi kazi uliyofanya, vinasema matokeo. Ukipitisha ufagio ukumbini na vumbi likabaki pale pale, umefagia, hujasafisha. Kufagia ni jasho lako, kusafisha ni hali ya sakafu ulipomaliza. Kadhalika kufunga kifaa ni kazi ya mikono, kuboresha ni hali ya kitu baada ya mikono kuondoka, na hali hiyo inapimwa, haitangazwi.

Lakini sisi tumefanya nini? Tumelichukua neno la matokeo tukaliweka mlangoni kabla kazi haijaanza. Kuna stendi moja ya mabasi napita mara nyingi nikienda kumuona mama, sitaji jina lake, ina choo kimoja cha abiria. Siku moja nafika nakuta karatasi imebandikwa, "Choo kimefungwa kwa ajili ya maboresho, samahani kwa usumbufu." Nikasema vyema. Mwezi wa pili karatasi ipo, wa tatu ipo imechanika pembeni, wa tano wamebandika mpya yenye maneno yale yale, na muda wote huo kina mama wenye watoto wanazunguka nyuma ya vibanda kutafuta pa kujisitiri. Mwezi wa nane choo kikafunguliwa. Nikaingia kwa makusudi kabisa, kuangalia tu. Sinki lile lile lenye ufa. Bomba lile lile linalovuja, mlango wa tatu bado hauna kitasa, rangi mpya ukutani hadi kimo cha kiuno, juu yake ukuta wa zamani. Bei ndo ilikuwa imetoka shilingi 200 ikawa 300. Nikamuuliza yule binti anayekusanya hela, wameboresha nini? Akanijibu kwa adabu kabisa, "Baba, walifanya maboresho." Hakunidanganya na hakuwa na kosa lolote, alilishwa neno naye akalitoa. Lakini angalia neno lilivyofanya kazi: lile swali langu la nini kimekuwa bora halikuwa na pa kushika, maana maboresho limegeuka kuwa jina la kipindi ambacho mlango umefungwa. Zamani karatasi ile ingeandikwa "matengenezo", na ungeweza kuuliza mmetengeneza nini, wangekuonesha au wangenyamaza kwa aibu. Au wangeandika "tunapaka rangi", maneno mawili, kila mtu akajua cha kutegemea. Nimekisema kisa hiki mara nyingi, najua, na nitaendelea kukisema mpaka nione tangazo la umma linaloandika kazi inayofanyika kwa jina lake.

Turudi kwenye pedali zako, maana hizo zinalieleza jambo hili kuliko choo cha stendi.

Najua ulichokuwa unakitafuta ni neno la kuapgredi. Kiswahili hakina neno moja la hilo kwa kila kitu, na hatulihitaji. Kituo cha afya kikifanywa hospitali tunasema kimepandishwa hadhi, mwalimu anapandishwa daraja, programu ya simu inasasishwa, neno zuri kabisa limezaliwa na sasa. Pedali hupandishi hadhi wala husasishi. Pedali umezifungua, umetoa kitu, umefunga kingine. Sema hivo hivo!

Ulichotoa ni potenshiometa, kile ambacho fundi redio anakiita volyumu, na kila aliyewahi kumiliki redio ya zamani anakijua hata kama hajui jina: ukizungusha kitufe cha sauti redio inakwaruza, kwaru kwaru kwaru, sauti inaruka. Ndani kuna njia ya kaboni na kijimkono cha chuma kinachotelezea juu yake. Kinasugua miaka yote, kaboni inalika, vumbi linaingia, na pale palipolika umeme unarukaruka. Kwenye redio unasikia mkwaruzo, kwenye pedali kompyuta inapokea namba zinazocheza ingawa mguu umetulia, ndo maana ndege yako ilikuwa inatikisa mkia yenyewe. Kama ungepuliza dawa ya kusafishia volyumu ukafunga tena, hiyo ingekuwa kusafisha. Kama ungeweka potenshiometa mpya ya aina ile ile, kubadilisha. Kila moja ina neno lake, na msomaji akiona neno anajua aandae vifaa gani na atumie shilingi ngapi, ila akisoma maboresho hajui kama akanunue dawa, potenshiometa au sumaku.

Ulichoweka ni kihisi cha Hall, jina la Edwin Hall aliyeona mwaka 1879 kule Baltimore, Marekani, kwamba umeme unaopita kwenye bamba jembamba la dhahabu ukiuwekea sumaku unasukumwa pembeni na kuzaa volti ndogo kwa upande. Uzuri wake ni kwamba hakuna kinachosuguana. Sumaku inakaa kwenye mhimili wa pedali, kihisi kinakaa kando hakigusi kitu, pedali ikisogea sumaku inasogea na volti inabadilika. Vingi vina miguu mitatu, mmoja wa volti 5, mmoja wa hasi, mmoja wa kupeleka habari kwenye bodi, kile kibao cha saketi kinachoigeuza volti kuwa namba za kompyuta, na sumaku ikiwa katikati vinatoa nusu yake, volti 2.5. Kwa hiyo maelezo yako yana vitenzi vizuri tele, vimejipanga vyenyewe: kufungua, kukata waya, kuunga kwa lehemu, kugandisha sumaku, kupima kwa mita, halafu kuionesha kompyuta pedali inaanzia wapi na kuishia wapi. Hata hilo la mwisho watu wanalitafutia neno kubwa, wakati ukilisema hivo hakuna anayebaki nyuma. Na usisahau breki za vidole, zile za kukanyaga kwa ncha ya mguu, kama pedali zinazo: kila pedali ina yake, ukijumlisha na kihisi kimoja cha usukani vihisi ni vitatu, waambie wenzako kabla hawajanunua viwili.

Sasa je, pedali zimekuwa bora? Hilo ndo swali ambalo maboresho linaliruka, na jibu siyo lazima ndiyo. Sumaku ukiiweka mbali mno, au pedali yako ikiizungusha kidogo tu, volti haitembei, inatoka 2.2 mpaka 2.8 basi. Bodi ya kawaida inagawa volti 5 katika hatua 1,023, hapo wewe unabaki na hatua kama 120, mguu unasogea taratibu lakini usukani kwenye kioo unakwenda kwa kurukaruka. Ukiiweka karibu mno kihisi kinafika mwisho wake kabla ya pedali, robo ya mwisho ya mwendo wa mguu haifanyi kitu. Mtu wa namna hiyo kafunga kihisi kipya cha kisasa, katumia hela na usiku wake, na pedali zake ni mbovu kuliko zilipokuwa na volyumu iliyolika. Kafanya maboresho? Kwa lugha ya stendi ndiyo, kashamaliza, karatasi imebandikwa. Kwa Kiswahili kaharibu, na lazima tuwe na lugha inayoturuhusu kumwambia ili arudi akasogeze sumaku.

Kwa hiyo kichwa chako cha habari kiwe: "Jinsi nilivyotoa potenshiometa kwenye pedali za usukani nikafunga vihisi vya sumaku." Ni kirefu, lakini mtu wa Kigoma mwenye pedali zinazochezacheza akikisoma tayari anajua nusu ya kazi. Ndani ya maelezo, mwishoni kabisa, ukishaandika namba ulizosoma kabla na namba ulizosoma baada, pedali zikiwa zimetulia mguu ukiwa umetulia, hapo andika bila hofu kwamba zimekuwa bora, nami nitakuwa wa kwanza kukubali. Na kwa kuwa umesema zimetulia, nitumie hizo namba, pamoja na umbali uliouacha kati ya sumaku na kihisi, maana nimepata barua nyingine ya mtu mwenye shida hiyo hiyo na yeye kaniandikia "sensa za rada".