Sendofu, msiba na mgeni rasmi: yaliyonikuta mimi na maiki

Mkuu uliyeuliza utasema nini kwenye sendofu ya mdogo wako, umepewa dakika tano uongee kwa niaba ya familia na umeanza kutetemeka wiki mbili kabla: naona wengi wamekujibu "ongea yaliyo moyoni tu". Usiwasikilize. Moyo ukishika maiki haujui pa kukomea.

Mara yangu ya kwanza ilikuwa ukumbi mmoja Sinza, tunamuaga dada. Nina kurasa nne kwenye simu. Nikaanza: shikamooni wazee, asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, Tumsifu Yesu Kristo, itifaki imezingatiwa. Sijasema kitu, dakika imeshakwenda. Nikaingia historia yake, kuanzia chekechea. Watu wametoka kazini, wamekaa foleni saa mbili, pilau linanukia nyuma ya pazia. Nilipofika kidato cha pili DJ akaanza kupandisha muziki kidogokidogo, na simu nayo ikajifunga. Nikashuka bila hata kusema ahsante.

Leo ningesimulia jambo moja tu: dada aliwahi kuuza simu yake ili mimi nilipiwe mtihani. Halafu ningewageukia wakwe, "Huyo ndiye mnayemchukua," nikakaa. Dakika mbili hazifiki. Utani weka, lakini kumbuka upande wa pili wa ukumbi wamekaa watu waliokuja kuangalia. Ukisema mdogo wako mvivu wa kuosha vyombo, ninyi mtacheka, wao watalizungumza kwenye gari mpaka wafike kwao.

Msibani ni habari nyingine kabisa. Wasifu wa marehemu hauhitaji ufundi wa maneno, unahitaji usahihi. Nilimsomea mjomba wasifu pale makaburi ya Kinondoni, nikafika "ameacha mjane na watoto wanne". Sauti ya mwanamke ikatoka nyuma: "Watano!" Jamani, kimya kile. Na alikuwa sahihi. Shangazi alikuwa anajua siku zote, ila tuliokaa kuandika ule wasifu tulikuwa vijana watatu wenye kompyuta, hakuna aliyemuuliza. Siku hizi sisomi wasifu wowote kabla shangazi mkubwa hajasikiliza majina yote, moja baada ya jingine, na umri, na kijiji.

Risala nazo zina mambo yake. Nimekuwa katibu wa kamati ya wazazi shule moja Tabata. Mwaka wa kwanza tulimwomba mgeni rasmi mambo tisa, akasema "nimeyapokea", akala, akaondoka. Mwaka uliofuata niligombana na kamati nzima nikabakiza ombi moja: matundu manne ya choo. Tukataja watoto ni wangapi na foleni ya asubuhi ilivyo. Alisimama akaahidi mawili palepale, mbele ya wazazi. Si yote manne, lakini mawili yalijengwa.

Wazazi wetu mpaka leo wanakariri alichosema Mwalimu Nyerere Novemba 1978 alipotangaza vita na Idi Amin: uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, nia ya kumpiga tunayo. Ukiyaandika kwenye insha mwalimu wa Kiswahili atakukatia alama kwa kurudia "kumpiga". Kwenye redio kule kurudia ndiko kulikoyafanya yakae masikioni. Kwa hiyo usiandike kama insha. Soma kwa sauti chumbani. Sentensi ikikukata pumzi, ikate wewe kwanza.

Kutetemeka hakuishi, nisikudanganye. Mimi mpaka leo nikiitwa mbele magoti yanalegea. Ninachofanya ni kukariri sentensi ya kwanza tu, maana hapo ndipo sauti inapokwama. Ikishatoka hiyo, zilizobaki zinafuata. Simu iache mezani. Karatasi ya A4 nayo ni msaliti, mkono ukitetemeka inapepea ukumbi mzima uone. Tumia kadi ngumu. Kama umeishi Dar lazima una rundo la kadi za michango ya harusi kwenye droo, na nyuma ni nyeupe. Mimi hotuba zangu zote ziko huko.