Kwa watafiti wapya: kabla hujatia saini mkataba wa utafiti

Kila msimu wa ruzuku narudia maneno yale yale. Mtafiti kijana amepata mfadhili, ametumiwa mkataba jioni, na asubuhi anauleta ofisi ya utafiti ukiwa na saini yake mwenyewe mahali palipoandikwa "kwa niaba ya Chuo Kikuu". Bidii yenu naipenda sana, lakini hapa mnanitia hofu.

1. Mtafiti mkuu hana mamlaka ya kukifunga chuo kwa mkataba, yaani kukibebesha wajibu wa kisheria. Kwa kawaida mamlaka hayo ni ya baraza la chuo, ambalo huyakasimu kwa maandishi kwa mkuu wa chuo, na kupitia kwake kwa naibu wake wa utafiti au mkurugenzi, mara nyingi kwa ukomo wa fedha. Mkuu wa idara, hata awe profesa wa kuheshimika kiasi gani, hawezi kusaini ikiwa waraka wa kukasimu madaraka haumtaji. Idara nayo kwa kawaida si mtu kisheria, kwa hiyo mkataba ulioandikwa kwa jina la idara urudisheni urekebishwe.

2. Mkiwekewa nafasi ya "nimesoma na kuelewa", sainini hapo tu.

3. Msidharau karatasi ndogo: mkataba wa kutunza siri, wa kuhamisha sampuli, wa kutumia data, hata kitufe cha "nakubali" mtandaoni. Mwaka 1989 mtafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alikwenda katika kampuni ya Cetus kujifunza mbinu ya PCR (njia ya kuzalisha nakala nyingi za kipande cha DNA), akapewa fomu ya siri ya wageni, akaisaini. Katika mkataba wake na Stanford alikuwa ameahidi kwamba atakuja kukihamishia chuo haki za uvumbuzi wake. Fomu ya Cetus ilizihamisha papo hapo, hata za uvumbuzi ambao ulikuwa haujazaliwa. Aliporudi, yeye na wenzake walikamilisha njia ya kupima wingi wa virusi vya UKIMWI katika damu, na Stanford ikapata hataza, yaani haki za kisheria juu ya uvumbuzi huo. Kampuni ya Roche ilikuwa imenunua mali za PCR za Cetus mwaka 1991, na Stanford ilipoishtaki kwa kutumia hataza hizo, ilijibu kwamba nayo ni mmiliki. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Marekani ilithibitisha ushindi wa Roche, ikieleza kwamba sheria ya Bayh-Dole ya mwaka 1980 haikipi chuo umiliki moja kwa moja eti kwa sababu tu utafiti ulifadhiliwa na serikali. Tazameni vizuri: kijana yule hakukifunga chuo. Alijifunga mwenyewe, na haki ambazo chuo kilizitegemea zikaenda na saini yake.

4. Anayekaimu aambatishe barua ya kukaimu, na tarehe ya saini iwe ndani ya muda wake.

5. Msiajiri wasaidizi wala kununua vifaa kabla pande zote hazijasaini.

6. Kama umeshasaini kimakosa, njoo siku hiyo hiyo na nakala yote, viambatisho vikiwemo. Mwenye mamlaka anaweza kuridhia kwa maandishi au kumwandikia mfadhili kuukataa, na yote mawili ni rahisi zaidi kabla fedha hazijaingia.