Maswali ya Wasomaji: Deraya Imkoseshe Adui au Ipunguze Maumivu?

SWALI: Ndugu Mhariri, kwa miaka kadhaa mimi na wenzangu tumecheza Dungeons & Dragons mezani, mchezo wa kuigiza wahusika kwa dadu, kwa kanuni za toleo la pili, ambamo mpiganaji aliyevaa deraya kamili ya bamba ana Daraja la Deraya 1 (kipimo cha kinga: kadiri nambari inavyokuwa ndogo ndivyo kinga inavyokuwa kubwa). Hivi karibuni niliweka modi (nyongeza ya mashabiki inayobadilisha mchezo) ya Item Revisions kwenye Baldur's Gate II, mchezo wa kompyuta unaofuata kanuni hizo, na sasa mpiganaji huyo huyo anatembea polepole, lakini akipigwa anaumia kidogo kuliko zamani. Je, mashabiki walioitengeneza wamekosea kanuni?

JIBU: Ndugu msomaji, kanuni wanaijua vizuri, na hapo wameiacha kwa makusudi.

Katika toleo la pili, lililotoka mwaka 1989, kazi ya deraya ni kumfanya adui akose. Chukua adui mwenye THAC0 ya 20, yaani nambari anayohitaji kwenye dadu ili kumpiga mtu wa Daraja 0. Akikabiliana na mtu asiyevaa deraya, ambaye Daraja lake ni 10, atahitaji kupata 10 au zaidi kwenye dadu ya pande 20. Akikabiliana na mpiganaji wako atahitaji 19 au 20, kwa hiyo katika mapigo 20 atafanikiwa mara mbili hivi. Lakini pigo likishapenya, aliyejifunika chuma kuanzia shingoni hadi miguuni anaumia sawasawa na aliyevaa shati tu. Jambo hilo linawakera wachezaji wengi, nami ni mmoja wao. RuneQuest, mchezo mwingine wa mezani wa mwaka 1978, ilifuata njia nyingine, ambamo deraya hupunguza pointi kadhaa za madhara katika kila pigo linalompata mvaaji.

Mtengeneza modi angependa kufanya vivyo hivyo, lakini mikono yake haiko huru. Hesabu ya dadu dhidi ya Daraja imo ndani ya programu yenyewe, ambayo modi nyingi haziigusi. Anachoweza kuhariri bila taabu ni faili la kila kifaa. Humo anaweza kuweka kinga dhidi ya makali, ncha, marungu na mishale, na kinga hiyo huhesabiwa kwa asilimia. Tofauti yake na kupunguza pointi ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Tuseme deraya moja inaondoa pointi 3 na nyingine inaondoa asilimia 20. Kisu cha pointi 2 hakimdhuru kabisa aliyevaa ile ya kwanza, ilhali kinamchoma aliyevaa ya pili. Jitu likipiga kwa pointi 30, wa kwanza anapoteza 27 na wa pili 24. Kwa asilimia, basi, deraya inakufaa zaidi mbele ya jitu kuliko mbele ya kundi la vibaka wenye visu, na kwangu mimi huo ndio udhaifu wa njia hii.

Modi ya aina hii ichunguzwe pia isije ikailipa deraya mara mbili: Daraja likibaki lilivyokuwa na kinga ikaongezwa juu yake, mvaaji hakosi kitu. Ndiyo maana mwendo wa polepole unaokukera una haki ya kuwapo, kwa kuwa ndiyo gharama ya ile kinga. Vilevile, kinga ikiwa sawa kwa silaha zote, itafifisha jambo zuri ambalo Baldur's Gate II isiyo na modi ililihifadhi kutoka mezani: deraya ya minyororo ina Daraja 5, lakini huwa 3 dhidi ya upanga na 7 dhidi ya rungu, kwa sababu minyororo huzuia makali ila haizuii mifupa kuvunjika.

Ikiwa kinachokusumbua ni mwendo tu, huna haja ya kuifuta modi yote. WeiDU, programu inayoiweka, hukuuliza kipengele kimoja kimoja. Rudi kwenye kipengele cha deraya, kisha uchague kile kisichopunguza mwendo.