Mwaka wa kwanza chuoni, angalia unakaa kimbweta gani

Kwako unayeingia chuo mwaka huu: wiki za mwanzo, kabla watu hawajazoeana, ndizo zinazoamua utasoma na nani hadi unahitimu.

Chuoni kwetu Dar es Salaam, kimbweta cha mtu, yaani meza na benchi la zege la kujisomea nje, kilikueleza alikotoka. Waliosoma sekondari za binafsi walifahamiana tangu zamani, wakakaa pamoja. Wa shule za kata walikuwa na kona yao. Wanaosubiri boom, yaani pesa ya kujikimu ya mkopo wa serikali, na wanaolipiwa na wazazi nao walitazamana kwa mbali.

Kilichoumiza zaidi ni lugha. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali husoma kwa Kiswahili, kisha akifika kidato cha kwanza masomo karibu yote yanageuka Kiingereza. Shule za kata zilijengwa kwa wingi kuanzia 2004, na nyingi zilifunguliwa walimu wakiwa hawatoshi. Aliyepita huko akafika chuo kikuu ana kichwa, wala si cha kubahatisha. Lakini nilimwona dada mmoja aliyekokotoa hesabu zote za kikundi akiambiwa, "Wewe shughulika na kuprinti." Alikuja na karatasi zimefungwa vizuri, jina lake la mwisho kwenye jalada, akasimama pembeni wenzake wakieleza hesabu zake. Walipoulizwa swali, wakamgeukia. Akaanza kujibu, akakwama kwenye sentensi, na nyuma watu wakacheka: Kingereza cha ugoko! Mpaka leo naona ule ulikuwa ukatili.

Kwa hiyo mwombeni CR, yaani mwakilishi wa darasa, mapema vikundi vipangwe kwa namba za usajili. Tulipofanya hivyo kuna walionung'unika, na vikundi vingine viligombana kweli. Chetu tulijadili kwa Kiswahili mpaka kila mtu akaelewa, ndipo tukaandika kwa Kiingereza, na kila mmoja akawasilisha sehemu yake.

Wewe unayechekwa, usijifungie na watu wa mkoa wenu tu, na usiwaite wenzako watoto wa mama, hawakujichagulia shule. Na wewe ambaye Kiingereza si tatizo kwako, mtu akicheka sema pale pale, "Mwacheni amalize." Ukisema wewe watasikia haraka kuliko akisema anayechekwa.

Mhadhiri akiwaachia mjichagulie vikundi, mfuateni ofisini pamoja na CR. Wengi hawakatai, ni vile hawajaombwa.