Stroberi kuota ukungu siku ya pili: friji haina kosa

Mkuu, umesema ulinunua kikontena cha stroberi Soko la Kilombero Jumamosi, ukaziosha zote, ukafunika, ukaweka kwenye friji, na Jumatatu zimeota manyoya ya kijivu. Hapo friji usiilaumu. Kilichokuponza ni yale maji.

Ukungu ule mara nyingi stroberi hutoka nao shambani, na baridi ya friji haiuui, inauchelewesha tu. Ukikuta tunda limechubuka na lina unyevu, umefika kwao. Kwa hiyo osha zile unazokwenda kula muda huohuo, nyingine ziache kavu.

Sokoni inua kikontena utazame chini. Ukiona plastiki imelowa maji mekundu, za chini zimeshapondeka, hata kama za juu zimepangwa zikang'aa. Zenye weupe mabegani, yaani karibu na kikonyo, usinunue ukitegemea zitaiva kabatini. Stroberi si parachichi; ikishachumwa ndiyo basi.

Ukifika nyumbani zimwage taratibu kwenye sinia, chambua moja moja. Yenye ukungu itupe, zilizopondeka tenga za kula leo. Chukua chombo kipana, tandika tishu ya jikoni mikunjo miwili, panga tabaka moja, yakizidi mawili. Majani na vikonyo viache, maana ukivitoa umefungua tundu. Kifuniko kiegeshe tu, usikibane. Tishu ikilowa, badilisha. Hivyo zinakaa siku 3 hadi 5. Forosadi ni dhaifu zaidi, usizihesabie zaidi ya siku 2. Na usizitoe mezani kisha kuzirudisha mara kwa mara: zikitoka kwenye baridi zinafanya umande, na umande nao ni maji.

Kuziosha kwa siki kunasaidia kupunguza ukungu, ila kwa mtu mwenye subira. Kikombe 1 cha siki nyeupe kwa vikombe 3 vya maji, loweka dakika 2 au 3, suuza, kisha zitandaze kwenye kitambaa safi hadi zikauke kabisa, hata chini ya majani. Kama huna muda wa kukausha, bora uache.

Kujua zimeharibika: kwanza mng'ao unapotea na rangi inakolea, kisha ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Hapo bado zinafaa juisi au jamu. Zikianza kuvuja na kunuka kama mbege, zimechacha, tupa. Ukungu ukionekana, usikate kipande ukala kilichobaki; kwenye tunda laini namna hii nyuzi za ukungu zinapenya ndani usikoona. Tupa hilo na yaliyoligusa, mengine yakague, uyaoshe uyale siku hiyohiyo. Wale wanaosema "saga tu juisi" au "chemsha jamu" wanakudanganya, sumu za baadhi ya kuvu haziondoki kwa moto.

Ukiona hutazimaliza, zigandishe zikiwa bado nzima. Hapa ndipo unaosha zote: kausha, toa vikonyo, panga kwenye sinia zisigusane, weka friza kwa muda wa saa 3 au 4. Zikiwa ngumu, hamishia kwenye mfuko na ukamue hewa. Ukizitia mfukoni kabla hazijaganda, utatoa tofali moja. Zikiyeyuka zinalegea, hivyo zitumbukize kwenye blenda zikiwa bado na barafu yake.